Sakafu ya Nani

Ndani ya programu ya uhandisi, dumu halianguki. Mhandisi huchora umbo lake, huligawa katika vipande vidogo maelfu kwa maelfu, huliinamisha kwa pembe aliyoichagua mwenyewe, kisha huliweka chini kabisa, chini ya milimita moja kutoka sakafuni. Hapo ndipo hulipatia mwendo ambao lingekuwa nao kama kweli lingetoka juu. Kwa kimo cha mita 1.2 mwendo huo ni mita 4.85 kwa sekunde, na hauhitaji kompyuta kuupata: zidisha kimo kwa mchapuko wa mvutano wa dunia, zidisha kwa mbili, tafuta kipeuo cha pili. Uzito haumo katika kanuni hiyo. Dumu tupu na dumu lililojaa hufika chini kwa mwendo mmoja. Ule muda wa hewani, karibu nusu sekunde, ambao aliyelibeba anaona linamponyoka na hawezi tena kulidaka, haumo kabisa ndani ya hesabu.

Sababu ya kuuruka muda huo ni gharama, na ndani ya gharama hiyo mna kiini cha fani yote. Programu za aina hii huhesabu mgongano kwa hatua ndogo ndogo za muda. Katika kila hatua, kila nodi, yaani kila mahali ambapo vipande vya wavu hukutana, hupimwa inasukumwa na kani gani, mwendo wake hurekebishwa, husogezwa kidogo, halafu hesabu huanza upya. Hatua yenyewe hairuhusiwi kuwa ndefu kuliko muda ambao wimbi la mshtuko linahitaji kuvuka kipande kidogo kuliko vyote katika wavu. Ukiipitisha hapo, namba hukua bila mpaka na dumu hutawanyika kwenye skrini kabla hata halijabonyea. Sharti hili lilichapishwa mwaka 1928 na wanahisabati watatu wa Ujerumani, Richard Courant, Kurt Friedrichs na Hans Lewy, wakati kompyuta ya kielektroniki ilikuwa bado haijatengenezwa. Wote watatu walihamia Marekani baadaye. Courant alipoteza kazi yake Göttingen mwaka 1933, Wanazi walipoingia madarakani. Kila anayedondosha simu, televisheni au dumu ndani ya kompyuta leo anatii kanuni yao, ajue asijue.

Katika polietilini ngumu, plastiki ya madumu yetu ya lita 20, wimbi husafiri takribani mita 1,000 kwa sekunde. Kipande chenye upana wa milimita 4 huvukwa kwa mikrosekunde 4. Mgongano ukichukua milisekunde 20, hizo ni hatua 5,000, kazi ambayo kompyuta ya kawaida inaimudu. Ukitaka na anguko nalo lihesabiwe, utaongeza hatua zaidi ya 120,000, zote za plastiki ambayo bado haijapatwa na lolote. Na ukiacha kipande kimoja tu cha milimita 0.4 kwenye nyuzi za kifuniko, wavu mzima, wenye vipande zaidi ya 30,000, utalazimika kwenda kwa hatua fupi mara kumi kwa ajili ya hicho kimoja. Ndiyo maana siku nyingi za kazi hii hupita katika kusafisha mchoro: kufuta herufi za chapa zilizochongwa ubavuni, kulainisha pembe ambazo haziathiri jibu, kuamua nini kibaki na nini kiondoke. Uamuzi huo haumo katika mwongozo wowote wa programu.

Wanaoanza kazi hii huhangaika na plastiki. Mimi naanza na maji.

Dumu tupu la lita 20 lina kilo moja hivi. Maji yake ni kilo 20. Likianguka kutoka mita 1.2 linafika chini na nishati ya juli 247, na katika hizo plastiki ina juli 12 tu. Zote zilizobaki ni za maji. Ndiyo maana dumu tupu unaweza kulitupa kutoka juu ya lori na likadunda, ilhali lililojaa hupasuka kwa kimo cha kiunoni. Sakafu husimamisha sehemu ya chini ya plastiki, lakini maji bado yanashuka. Hayana pa kwenda, kwa hiyo husukuma kuta kutoka ndani. Kinacholipasua dumu ni mzigo wake wenyewe.

Kuna njia ya mkato ya kuyaingiza maji katika hesabu, nayo hutumika sana: uzito wake hugawanywa na kubandikwa kwenye kuta za ndani kama vidonge vya risasi. Mizani itasoma sawa. Lakini uzito uliobandikwa hausukumi ubavu, hauendi pembeni, haujazani kwenye kona iliyogonga. Hesabu kama hiyo italitangaza salama dumu ambalo halikuwahi kubeba maji. Njia bora zaidi ni kuyafanya maji yawe chembe elfu nyingi zisizofungwa katika wavu, kila moja ikisukumana na jirani zake. Njia hiyo ilitolewa mwaka 1977, katika makala mbili tofauti, moja ya Leon Lucy na nyingine ya Robert Gingold na Joe Monaghan. Hawakuwa na habari na madumu. Walikuwa wanaastronomia, na walichotaka kuhesabu ni nyota. Hunifurahisha kwamba hesabu iliyobuniwa kwa ajili ya gesi inayojizungusha angani ndiyo inayofahamu vizuri zaidi kinachotokea ndani ya chombo cha maji cha nyumbani.

Kabla ya kuiamini kompyuta, karatasi na kalamu zinaweza kusema mengi. Ndani ya maji yaliyo huru wimbi la shinikizo huenda karibu mita 1,500 kwa sekunde. Ndani ya chombo chenye kuta laini haliendi hivyo, kwa sababu kila linapopita kuta hutanuka na kulichelewesha. Waholanzi wawili, Adriaan Isebree Moens na Diederik Korteweg, waliliandika jambo hili mwaka 1878, na madaktari hadi leo hutumia kanuni yao kupima ugumu wa mishipa ya damu kwa kuangalia kasi ya wimbi la mapigo. Ukilichukulia dumu kuwa silinda yenye kuta za milimita 1.7, kanuni hiyo inakupa mwendo wa mita 80 hivi kwa sekunde. Maana yake ni kwamba, kitako kikishagonga, shinikizo huchukua karibu milisekunde 5 kufika mabegani mwa dumu, na muda huo wote maji ya juu bado yanashuka. Shinikizo lenyewe hukaribia mara nne ya lile la hewa tunayovuta. Ukiligeuza kuwa mkazo katika ukuta, unapata namba iliyo jirani kabisa na kiwango ambacho polietilini huanza kunyumbuka bila kurudi. Hesabu ya nusu ukurasa imeshakuambia kwamba dumu la kawaida, kwenye kimo cha mita moja na kidogo, linaishi ukingoni. Kompyuta ikileta jibu lililo mbali sana na hapo, la kukagua kwanza ni ile faili ya maandalizi.

Katika faili hiyo mna vitu ambavyo programu haivijui hata kidogo. Nyingi kati ya programu hizi hazijui vipimo: ukiandika urefu kwa milimita na muda kwa sekunde, uzito sharti uwe kwa tani, na msongamano wa polietilini unaandikwa kwa tarakimu yenye sifuri tisa kabla haijafika namba yenye maana. Ukikosea haikusahihishi. Haijui kwamba kilichochorwa ni dumu, wala kwamba kilichomo ni maji ya kupikia ya nyumba ya watu sita. Haiijui sakafu.

Sakafu lazima utaitangaza wewe, na hapa ndipo kazi hii inapoacha kuwa ya hesabu peke yake.

Umoja wa Mataifa una kanuni za usafirishaji wa vitu hatari, na ndani yake mna jaribio la kudondosha madumu. Sakafu yake imeelezwa kwa uangalifu: nzito, ngumu, isiyonepa, tambarare, isiyo na kasoro sehemu yoyote. Zipo sababu nzuri za kuitaka hivyo. Maabara ya Nairobi na maabara ya Rotterdam zinapaswa kupata jibu moja. Tena sakafu isiyonepa ni kali kuliko inavyoonekana. Vyombo vya kubebea mabaki ya nyuklia, kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, hudondoshwa kutoka mita 9 tu, mwendo usiofika kilomita 50 kwa saa, na watu wengi walipoambiwa hivyo waliona ni mzaha. Julai 1984, huko Old Dalby nchini Uingereza, Bodi Kuu ya Uzalishaji Umeme ililaza chombo cha aina hiyo juu ya reli mbele ya umma, ikakigongesha na treni isiyo na dereva iliyokuwa ikienda kilomita 160 hivi kwa saa. Injini ya treni iliharibika vibaya. Chombo kilibaki kimefungika. Treni ilijikunja, na kwa kujikunja ikaimeza nishati yake yenyewe, jambo ambalo sakafu isiyonepa haimfanyii mtu yeyote.

Kwa hiyo mwandishi wa programu akikuwekea sakafu ngumu isiyonepa kama chaguo la kwanza, anaweza kusema amekupa hali mbaya kuliko zote. Kwa chombo cha chuma chenye kuta nene, kweli. Kwa dumu, hapana. Ukuta wa milimita 1.7 ukitua juu ya bamba tambarare husambaza pigo katika eneo kubwa. Ukitua juu ya jiwe la matumbawe lililochomoza katika uchochoro wa Ng'ambo, Unguja, au ukingo wa mtaro wa zege Manzese, au ile nondo fupi iliyosahaulika kando ya bomba la kioski cha maji Kibera, pigo lote hukusanyika mahali padogo kuliko kiganja. Kwa chombo chembamba, umbo la sakafu ni hatari kuliko ugumu wake. Udongo ulioloa hunepa, ndiyo, lakini jiwe lililomo ndani ya udongo halinepi. Kuongeza jiwe hilo katika programu ni kazi ndogo mno: chora nusu tufe, liweke chini ya kona, litangaze gumu. Ni dakika chache. Lakini mhandisi hawezi kuliweka jiwe ambalo hajawahi kulifikiria, na hawezi kulifikiria kama anayemwona akilibeba dumu ni mfanyakazi wa ghala lililosakafiwa.

Kila chombo cha kazi kimewahi kuwa na ardhi ya mtu fulani akilini. Programu ya DYNA3D, mama wa nyingi tunazozitumia leo, iliandikwa na John Hallquist katika maabara ya taifa ya Lawrence Livermore, California, na toleo lake la kwanza ni la mwaka 1976. Kilichoisukuma ni bomu la nyuklia lililokusudiwa kudondoshwa na ndege inayoruka chini, ligonge ardhi kwa mwendo wa mita 40 hivi kwa sekunde, na lisivunjike kabla ya wakati wake. Mwaka 1978 maabara iliitoa programu hiyo hadharani. Viwanda vya magari vikaichukua, vikaitumia kuokoa maisha ya madereva. Hallquist akaanzisha kampuni yake, na kizazi cha DYNA3D kinaitwa LS-DYNA. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha jinsi swali linavyoweza kubadilika huku hesabu ikibaki ile ile. Swali la kwanza lilikuwa, kitu hiki kitafika chini kizima ili kiue? Swali la pili, aliyemo ndani atatoka hai? Hesabu haikujali. Aliyeuliza ndiye aliyebadilika, na kwa kubadilika kwake watu wengi wamenusurika barabarani. Sioni kwa nini swali la tatu lisiwe la mtoto wa miaka kumi na mmoja anayepandisha mlima na lita 20 kichwani.

Kimo nacho kina mwenyewe. Kanuni za Umoja wa Mataifa zina vimo vitatu kwa vimiminika vya kawaida: mita 1.8, 1.2 na 0.8, na kinachoamua ni kiwango cha hatari ya kilichomo ndani. Sumu kali hudondoshwa kutoka juu zaidi. Ni busara, kwa kuwa kanuni hiyo inamlinda yule ambaye atamwagikiwa. Dumu la mafuta ya kula halimo humo, wala la maji. Mafuta ya kula na maji havimdhuru anayemwagikiwa navyo. Lakini anayelibeba dumu kichwani analibeba kwenye kimo cha mita moja na nusu au zaidi, haidhuru ndani mna nini. Kutoka hapo linafika chini kwa mita 5.4 kwa sekunde, na nishati yake inakaribia maradufu ya ile ya mita 0.8. Hatari ya maji kumwagika ni ya namna nyingine: ni safari nyingine ya kisimani, ni foleni upya, na mara nyingi ni dumu lenyewe, ambalo kwa nyumba nyingi ni chombo kilichonunuliwa kwa kujinyima. Hakuna kundi la hatari la kuliandikia hilo. Mhandisi anaweza kuliandika mwenyewe kwenye kisanduku cha kimo.

Kuhusu pembe ya kuangukia nitasema machache, kwa sababu hapo kompyuta inamsaidia mwenye subira. Kitu cha umbo la sanduku kina nyuso 6, kingo 12 na kona 8, jumla 26, na jeshi la Marekani kwa vifaa vyake vidogo hutaka zote 26, kutoka sentimita 122. Maabara itachoka na itaharibu vitu vingi. Kompyuta hufanya kazi hiyo usiku, watu wamelala. Jambo moja tu lisisahaulike: kwenye kona, kitovu cha uzito lazima kiwe wima juu ya ncha inayogonga, la sivyo sehemu ya nishati hupotelea katika kuzunguka na jibu linakuja laini kuliko haki yake. Na katika dumu lililojaa nusu, kitovu hicho hakitulii. Kanuni hutaka chombo kijazwe asilimia 98. Mtoto hujaza kadiri bomba lilivyotoa.

Kona za dumu ndipo palipo na jambo ambalo mchoro hauonyeshi. Dumu la chuma, lile lililobuniwa Ujerumani mwaka 1937 na kusambaa duniani kwa vita, lilikuwa bati mbili zilizokandamizwa na kuunganishwa, unene wake ukikaribiana kila mahali, na alama kubwa ya mkingamo ubavuni ya kuupa ukuta nguvu na nafasi ya kutanuka. Dumu la plastiki hutengenezwa kwa kupuliza. Bomba laini la plastiki ya moto huteremka kati ya nusu mbili za kalibu, kalibu hufunga, hewa huingia, na plastiki hunyooka hadi kuzigusa kuta baridi. Panapofikiwa mwisho ni konani, na kwa kuwa plastiki imeshanyooka sana kufika huko, kona hubaki nyembamba kuliko ubavu. Chini, pale kalibu ilipobana bomba, hubaki mstari wa maungio. Yaani chombo hiki kwa kuzaliwa kwake ni dhaifu hasa mahali kinapopenda kuangukia. Mhandisi akiandika unene mmoja kwa dumu zima, milimita 1.7 kila mahali kwa sababu ndiyo wastani wa kilo moja ya plastiki, amechora dumu ambalo hakuna kiwanda kinachoweza kulitoa. Tiba yake haihitaji maabara ya mamilioni. Lipasue dumu moja kwa msumeno, pima kona zake, andika.

Lakini upungufu unaonisumbua kuliko huu ni wa umri.

Kanuni ile ya Umoja wa Mataifa hutaka dumu la plastiki lipozwe hadi nyuzi 18 chini ya sifuri kabla ya kudondoshwa, kwa kuwa plastiki ikipoa hukakamaa na kuvunjika upesi. Kama maji yataganda, huongezwa dawa ya kuzuia yasigande. Hiyo ni sakafu ya mtu mwingine tena, mtu wa bandari yenye theluji. Kwetu, ukiacha vilele vya milima, baridi hiyo haipo. Lipo jua. Mwanga wake wa urujuanimno hukata minyororo mirefu ya polietilini siku hadi siku, na plastiki ambayo ikiwa mpya ingenyooka mara kadhaa ya urefu wake kabla ya kukatika, ikizeeka hukatika imenyooka kidogo tu. Rangi hupauka, uso hupata unga mweupe, na siku moja pigo ambalo mwaka juzi lingeacha kibonyeo linaacha ufa. Kanuni zinalijua hilo: dumu la plastiki la vitu hatari, kwa kawaida, halitumiki zaidi ya miaka mitano tangu litengenezwe. Dumu la njano lililofika na mafuta ya kula halina ukomo kama huo. Kwa kiwanda kilichojaza mafuta, kazi yake ilikwisha mafuta yalipoisha. Maisha yake marefu yanaanza siku hiyo.

Kadi ya malighafi ndani ya programu, ile safu ya namba inayoieleza plastiki, karibu kila mara ni ya plastiki mpya, imevutwa polepole kwenye mashine, katika chumba chenye nyuzi 23. Kuna marekebisho mawili ya kuifanyia. La kwanza linafahamika na wengi huliingiza: mgongano ni wa kasi, na polietilini ikivutwa kwa kasi huwa ngumu zaidi na hunyooka pungufu kabla ya kukatika. La pili, la jua, sijaliona likifanywa mara nyingi inavyostahili. Nadhani ni kwa sababu bidhaa kwa mtengenezaji inaishia pale inapouzwa, na programu imejifunza adabu hiyo kutoka kwake. Mtu anayelinunua dumu la mkono wa pili sokoni, akaligeuza juani kutafuta nyufa, akaligonga kwa kifundo cha kidole, anaujua upande huo wa maisha yake kuliko kadi yoyote. Ujuzi wake unaweza kugeuzwa kuwa namba, na haujageuzwa kwa sababu hakuna aliyemwendea.

Hesabu ikimaliza, huja picha za rangi, na hapo uangalifu unahitajika kuliko mwanzo, maana wekundu kwenye kona hauna maana mpaka nishati ikaguliwe. Nishati yote ya mwendo, ya kubonyea, ya msuguano, ikijumlishwa sharti ibaki pale pale kuanzia hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Vipande vya bei rahisi vina tabia ya kujipinda kwa namna ambayo hesabu yao haiihisi, na programu hutumia nishati ya bandia kuvizuia. Nishati hiyo ikipita asilimia 10 ya ile ya kweli, picha ni ya kutupwa. Na swali la mwisho, je, limevuja? Katika kanuni, dumu hufaulu kama halivuji. Tone linaloruka kifunikoni wakati wa pigo husamehewa, mradi lisiendelee. Kompyuta haijui kuvuja. Inajua kwamba kipande fulani kimenyooka kupita kiwango ulichokiandika, inakifuta, na maji yanapata njia. Badilisha ukubwa wa vipande, na ufa utahama. Kwa hiyo namba moja peke yake siiamini. Naamini ulinganisho: dumu hili na lile, kona hii imeongezwa nusu milimita na hii haikuongezwa, jipya na la miaka sita, bamba na jiwe. Hapo makosa ya hesabu huwa yale yale pande zote mbili, na tofauti inayobaki ina maana.

Haya yote zamani yalihitaji leseni ambayo idara nyingi za vyuo vyetu zisingeweza kuilipia. Mwaka 2022 kampuni ya Altair iliifungua programu yake ya Radioss, iliyozaliwa Ufaransa, na toleo huria linaitwa OpenRadioss; mwanafunzi wa Mbeya au wa Lubumbashi mwenye kompyuta ya wastani anaweza kuipakua usiku huu. Simu nyingi za leo hurekodi picha 240 kwa sekunde. Mgongano wa milisekunde 20 utampa picha nne au tano, zinatosha kuona ubavu ukitanuka na kulinganisha na skrini. Kinachobaki ni ile kadi. Ningependa aanze na madumu kumi yaliyokataliwa na mafundi wa kuziba, yaliyokaa juani miaka inayojulikana, akate vipande kutoka bavuni na kutoka konani, avivute hadi vikatike, kwanza polepole halafu kwa kasi yote ambayo mashine ya chuo inaweza, na aandike kila kimoja kilinyooka kiasi gani. Halafu aweke kimo mita 1.5, lita 20 za maji, kona ya chini iliyo upande wa pili na mkono wa kushikia, na chini yake jiwe.